Mwambie Nimesikia

Juzi kijiweni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema neno lililonikaa kooni mpaka leo. Tulikuwa tunazungumzia India na Pakistan. Akasema: "Jenerali anayempigia simu adui yake vita ikiendelea, huyo ameshashindwa." Wenzangu wakaitikia. Mimi nikanyamaza kwa kuheshimu umri wake, nikarudi nyumbani nimeuchukia ukimya wangu. Basi naandika.

Simu anayoidharau ni ya 10 Mei 2025. Nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilikuwa siku ya nne zikirushiana makombora na droni. Saa 9:35 alasiri kwa saa za India, mkurugenzi wa operesheni za kijeshi wa Pakistan akampigia mwenzake wa India, wakakubaliana mapigano yakome saa 11:00 jioni. Usiku ule zilikuja lawama za kukiuka, na wakubwa wengine duniani nao walikuwa wameshasukuma kwa upande wao, sikatai. Lakini mapigano yalikoma.

Nikiwa na miaka minane hivi, bibi yangu na jirani yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Salamu hakuna, msibani kila mmoja na kona yake. Lakini kila kiangazi, kabla ya kuchoma shamba, bibi alinituma. Nilipita chini ya mkorosho, nikasimama uani kwa watu: "Shikamoo bibi. Nimetumwa niseme kesho asubuhi tunachoma majani upande wa huku." Yule mama hakuinua macho kwenye ungo wake. "Mwambie nimesikia." Jioni nilimwona akihamisha kuni zake na kuwafunga mbuzi mbali. Mpaka wa shamba haukupata suluhu, na hakuna aliyemwona bibi kuwa mwoga.

Ndiyo maana habari ya 9 Machi 2022 hainitoki. Jioni hiyo kombora la India aina ya BrahMos lilifyatuka kwa bahati mbaya, likavuka mpaka na kuanguka karibu na Mian Channu, ndani kabisa ya Pakistan. Halikuwa na kilipuzi, na hakuna aliyekufa. Lakini mtu aliyekaa mbele ya rada upande wa pili angejuaje hayo? Alichokiona ni kombora linakuja, na alikuwa na dakika chache tu za kuamua ni nini.

Na laini ipo! Wanajeshi wa nchi hizo wana simu yao ya moja kwa moja tangu 1971, na kwa desturi maofisa wao huongea kila Jumanne. Kombora liliruka Jumatano. Hakuna aliyenyanyua simu kusema: jamani, hilo ni letu, limetuponyoka, msijibu. Pakistan ikatangaza yenyewe kesho yake. India ikakiri tarehe 11, siku mbili nzima baadaye, kwamba ilikuwa hitilafu ya kiufundi. Mwezi Agosti maofisa watatu wa jeshi la anga wakafukuzwa kazi kwa kufyatua lile kombora. Ukimya wa siku mbili, ambao kwangu ndio kosa kubwa zaidi, sijasikia aliyeadhibiwa kwa ajili yake.

Wakubwa walilijua hili zamani. Oktoba 1962, dunia ikiwa ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa ajili ya makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba, balozi wa Kisovieti mjini Washington, Dobrynin, alikuwa anampa kijana wa kampuni ya simu za maandishi ujumbe wake, naye anaondoka nao kwa baiskeli. Balozi akibaki kuomba kijana asisimame njiani. Barua ya Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, kwa Rais Kennedy wa Marekani ilichukua karibu saa 12 kufika na kufasiriwa. Kwa hofu ile, mwaka uliofuata wakaweka laini ya Moscow na Washington. Haikuwa simu nyekundu tunayoisikia kila siku. Ilikuwa mashine ya kupiga chapa na kutuma maandishi, kila upande ukiandika kwa lugha yake, ili mtu asijibu kwa hasira ya sauti aliyoisikia.

Laini peke yake haitoshi, hilo nalikubali japo kwa shingo upande. Januari 1995 Norway ilitoa taarifa mapema kwamba itarusha roketi ya utafiti. Taarifa ikafika Urusi, lakini haikuwafikia watu wa rada, wakaidhania kombora. Rais wao Yeltsin akafunguliwa mkoba wa kuamuru silaha za nyuklia kwa karatasi iliyokwama mezani kwa mtu. Na kweli, anayetaka kudanganya anaweza kudanganya hata kwa laini hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba siku hizi kununa kumefanywa silaha. Februari 2023 Marekani ilipotungua puto la China, waziri wake wa ulinzi aliomba kuzungumza na mwenzake wa Beijing, akakataliwa. Mwezi huohuo Urusi ikasimamisha ushiriki wake katika New START, mkataba wake na Marekani wa kupunguza silaha za nyuklia, ambao chini yake pande mbili zilikuwa zimepeana taarifa zaidi ya 25,000. Za kurusha makombora ya balistiki, yale yanayopaa juu sana kisha kushuka, ilisema itaendelea kuzitoa, kwa makubaliano ya 1988. Nashukuru kwa hizo zilizobaki.

India na Pakistan nazo zina makubaliano ya 2005 ya kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya balistiki. BrahMos ni kombora la kruzi, linaruka hewani kama ndege, kwa hiyo halimo. Miaka imepita tangu Mian Channu. Liingizwe, na kiandikwe humo kwamba likiponyoka, simu ipigwe saa ileile, hata kama si Jumanne.