PRP na uzazi: mfuko wa uzazi si ovari

Mwanamke aliyehangaika kutafuta mtoto akisikia kwamba tiba inatokana na damu yake mwenyewe, nusu ya hofu humtoka. Anatolewa damu mkononi, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe nyekundu zinatuama chini, na umajimaji wa manjano wenye chembe sahani nyingi, ambao ndio PRP, unarudishwa mwilini. Chembe sahani ndizo zinazowahi kwenye jeraha, zikagandisha damu na kutoa protini za kuotesha tishu na mishipa.

Kwa mfuko wa uzazi, hoja ina mashiko. Ukuta wa ndani ukiwa chini ya milimita 7, madaktari wengi husita kupandikiza kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa maabara. Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti wanawake 5 ambao ukuta wao ulikuwa umegoma kunenepa kwa tiba ya kawaida. Baada ya PRP ulinenepa, na wote wakashika mimba. Watano ni wachache mno. Hata hivyo, kwa mwanamke ambaye upandikizaji wake unaahirishwa kila mara, sioni ubaya wa kujaribu, mradi aambiwe wazi kwamba ni majaribio.

Ovari ni habari nyingine kabisa. Tangu madaktari wa Athens watangaze matokeo yao mwaka 2016, "kurudisha ujana wa ovari" kumegeuka bidhaa. Utafiti wa Uturuki wa 2020 uliwachoma sindano wanawake 311 ambao ovari zao zilichoka mapema. 23 walishika mimba kwa njia ya kawaida, yaani kama asilimia 7. Inatia moyo, lakini asilimia 5 hadi 10 ya wenye tatizo hilo hushika mimba bila tiba yoyote, na utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio la PRoVA la 2024 lilikuwa nalo, na sindano haikuongeza mayai yaliyokomaa. Mwaka mmoja kabla, jumuiya ya Ulaya ya tiba ya uzazi, ESHRE, ilikuwa imekwisha kusema haiipendekezi.

Watetezi wanasema madhara ni machache. Ni kweli, ingawa sindano ya ovari hupitia ukeni na inaweza kuleta maambukizi au kuvuja damu. Kinachoniuma zaidi ni muda: mwenye miaka 41 akingoja miezi kadhaa aone kama sindano imefanya kazi, mayai yake hayamngojei. Na Afrika Mashariki wengi wanaotafuta mtoto wana mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi, ambayo PRP haiizibui. Kabla ya kulipia sindano, dada, uliza kama mirija yako imepigwa picha na kama mbegu za mumeo zimepimwa.