Jumuiya Mbili Ndani ya Chuo Kimoja

Katika vyuo vya Tabora, kama kwingine nchini, serikali ya wanafunzi ikishaanza kushukiwa kwamba inautumikia utawala wa chuo, hazipiti siku nyingi kabla hujasikia mtu akisema: "Tuunde yetu." Kauli hiyo si ya kupuuzwa, wala si ya kushangiliwa haraka.

Mji huu unaijua habari ya kujitenga. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikaa hapa kuamua kama chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Nyerere alitaka waingie. Zuberi Mtemvu alipinga, na uamuzi ulipopita akaondoka kwenda kuanzisha African National Congress. Wapiga kura hawakumfuata. Uchaguzi wa urais wa 1962 hakufikisha hata asilimia 2. Hata hivyo namheshimu. Aliondoka na hoja ambayo kila mtu aliielewa, tena baada ya kujadiliwa mkutanoni. Vyuoni, mara nyingi mno, hoja hutafutwa baada ya cheo kukosekana.

Na anayeumia ni mwanachama wa kawaida. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limetoka, jina lake halimo kwenye orodha ya kusaini, mwenye nyumba anadai kodi, mama ntilie ameshakataa kumkopesha. Anahitaji mtu wa kwenda naye kwa afisa mikopo, anayeweza kusema ametumwa na wanafunzi wote. Jumuiya zikiwa mbili, utawala utachagua ya kuzungumza nayo, na utachagua ile isiyosumbua.

Lakini wanaosema "bakini mrekebishe humo humo" nao wajibu: kwa njia gani? Mchango wa serikali ya wanafunzi ukilipwa pamoja na ada, asiyeridhika hawezi kuuzuia. Tume ya uchaguzi ikiteuliwa na viongozi wale wale wanaolalamikiwa, kura nayo haimsaidii. Umoja wa namna hiyo ni wa kulazimishana, na siwezi kuutetea.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuona njia nyingine. Mwaka 1967 wanafunzi wa mrengo wa kushoto, Yoweri Museveni akiwemo, walianzisha USARF (University Students' African Revolutionary Front), kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Haikuwa serikali ya pili ya wanafunzi wala haikudai kuwasemea wote. Ilikuwa na mijadala yake na jarida lake, Cheche. Ilipigwa marufuku mwaka 1970, ila kwa miaka ile michache ilitikisa fikra za chuo kizima.

Wasioridhika wa Tabora ningewashauri waanzie hapo: wawe na jukwaa lao la hoja, wakusanye saini za kuitisha mkutano mkuu, wadai hesabu za mchango na tume huru ya uchaguzi. Wakinyimwa hata mkutano, sitawalaumu wakiondoka.