Nadharia ya fonolojia mnaionea bure

Siku hizi ukisema unasoma fonolojia ya Kiingereza, yaani jinsi lugha inavyopanga sauti zake, kwa nadharia watu wanakucheka, eti hizo sheria na mishale ya sauti hii inageuka kuwa ile ni za watu waliokaa kitini wakabuni, sayansi yenyewe iko maabara, fungua Praat, ile programu ya kupima sauti, pima irabu kwa milisekunde uone. Na wana hoja, sikatai. Mwaka 1968 wanaisimu Chomsky na Halle walisema irabu ya divine ("ai") inageuka kuwa "i" ukibandika -ity ikawa divinity, na inageuka kwa sheria ambayo msemaji anayo kichwani. 1975 watafiti Steinberg na Krohn wakawapa watu viambishi kama hicho -ity wavibandike wenyewe kwenye maneno ambayo hayajazoea kuvibeba, na mara nyingi irabu ikabaki vilevile. Hapo nadharia ilipigwa, tena vibaya.

Sasa chukua jaribio ambalo watu wa maabara wanalipenda kuliko yote, la mtafiti wa lugha ya watoto Jean Berko, 1958. Mtoto anaonyeshwa mchoro wa kadude, anaambiwa hii ni wug, haya sasa ziko mbili, ni...? Anajibu wugs, na mwishoni anatamka z kabisa, wakati neno hajawahi kulisikia popote, kwa hiyo kukariri hakupo. (Na wewe ulikuwa unasema chumba na vyumba miaka mingi kabla hujaambiwa humo ndani kuna ki- na vi-.) Ila mimi namba isiyonitoka kichwani ni nyingine. Wingi wa glass walipata 91%, wingi wa tass (tasses), neno la kubuni linaloishia sauti ileile, 36% tu. Watoto walewale jamani! Ukiishia kwenye namba utasema bado wadogo watajifunza, unafunga daftari. Mwenye nadharia hafungi, anauliza mbona wug wameiweza na tass imewashinda, halafu anaangalia walikosea vipi: wengi hawakubandika kitu cha ajabu, waliirudia tass ilivyo. Maana tass tayari ina s mwishoni, kwa sikio la mtoto wingi umeshawekwa. Kumbe kuchagua s au z ni kazi moja, na kuchomeka irabu katikati sauti mbili za kufanana zikigongana ni kazi nyingine, na hii ya pili ndio inachelewa. Glasses ilikuwa imekaririwa nzima nzima. Hayo yote hayaonekani kwenye mchoro wa wimbi la sauti hata ukuze mara ngapi.

Ndio maana hata kile kipigo cha 1975 mimi nakihesabu tofauti kidogo. Steinberg na Krohn walijua wachukue viambishi gani na wasikilize irabu ipi kwa sababu Chomsky na Halle walishaandika, sheria kwa sheria, irabu gani inapaswa kugeuka kuwa ipi na wapi. Mwenye Praat peke yake angepima divine, akapima divinity, akapata milisekunde zake safi kabisa, na swali la kuwauliza wale watu asingekuwa nalo.