Mhusika kubadilika peke yake hakumfanyi awe duara

Kuna kitu kinaniumiza kwenye haya madesa ya fasihi tunayotoleana kopi hapa Mbeya, ukifika kwenye wahusika unakuta mstari mmoja tu, mhusika bapa (wa sifa moja tu) habadiliki, mhusika duara (mwenye pande nyingi) anabadilika, basi, mwanafunzi anakariri anaenda nao kwenye mtihani. Mi naona hapo tunawapoteza kabisa.

Chukua mlevi wa hadithini. Sura tisa anapiga mke, anauza mahindi ya familia, sura ya kumi anaokoka anakuwa mtu safi. Kabadilika kweli, ila kwangu bado bapa, mwandishi kamgeuza kama chapati tu, ndani yake hakukuwa na kitu kinachomvuta huku na huku.

E. M. Forster, Mwingereza aliyeleta mgawanyo huu kwenye mihadhara yake ya 1927, kipimo chake kilikuwa hivi: huyu mtu anaweza kukushangaza, alafu ukaamini? Vyote viwili. Akikushangaza usiamini, huyo ni bapa anajifanya duara.

Pale Mwanjelwa kuna mama nanunua kwake viazi miaka sasa, hakopeshi, ukipungukiwa mia mbili anakupunguzia kiazi kwenye sado. Mwezi wa saba, baridi lenyewe lile, nikamkuta anampimia bibi mmoja ndoo nzima bila hela, kuniona namwangalia akanifokea, we unataka nini? Kesho yake hakopeshi vilevile. Hajabadilika hata chembe, lakini nikimwandika huyo ni duara, sababu ukali na huruma vinakaa kwa mtu mmoja na vinaoneana aibu.

Na bapa sio kosa jamani. Fisi wa hadithi za bibi zetu ni mlafi mwanzo mwisho, akianza kujitafakari kabla ya kufuata mnofu Sungura atamdanganya saa ngapi? Hata konda wa daladala ya Uyole aliyetokea nusu ukurasa, mwache adai nauli yake ashuke, usinipe utoto wake wote.

Kwahiyo siku hizi nikisoma mswada wa kijana sitafuti wapi mtu kabadilika, natafuta wapi alitaka vitu viwili ambavyo haviwezi kupatikana pamoja. Yule mlevi, nioneshe usiku aliosimama nje ya kilabu cha ulanzi, hela ya mahindi mkononi, na ada ya mtoto anajua haijalipwa. Nioneshe hapo, hata asipookoka.