Mashavu Si Habari ya Kuulizia

Jumamosi, kwenye arusi upande wa Maseno, shangazi alimshika mpwa wangu mashavu mbele ya watu. "Weh! Kisumu imekukubali! Umenona!" Msichana akacheka mdomo umefungwa. Samaki wake alimpa mtoto aliyeketi karibu.

Jameni. Yale si mafuta. Ni tezi za mate, zile zilizo mbele ya masikio. Mtu mwenye bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, akitapika mara kwa mara tezi hizo huvimba pande zote mbili, mara nyingi bila maumivu, hata kama uzito haujaongezeka. Basi akijitazama kwenye kioo anauona uso umejaa, anaamini amenenepa, anarudi chooni. Nasi tunampigia vigelegele.

Nyanya yake alidhani ni matubwitubwi, akataka abebe kuni kichwani azunguke mti, ile dawa ya kienyeji ya watoto, na msichana ana miaka 22. Tulicheka. Lakini angalau mti usingemsifu.

Aliyenikera zaidi ni daktari wa meno, hapa mjini, simtaji. Alimwangalia kinywani dakika mbili akasema, "Punguza soda." Msichana hata chai haweki sukari! Meno ya mbele ya juu yameliwa kwa nyuma, upande wa ulimi, yamekuwa laini kama kokoto za ziwani. Hapo ndipo asidi ya tumbo hupitia. Sawa, foleni ilikuwa ndefu, na soda nayo hula meno, sikatai. Ila daktari wa magonjwa ya akili Gerald Russell aliueleza ugonjwa huu wa bulimia huko London mwaka 1979, na sugu za vidoleni zinazoachwa na meno mtu akijitia vidole kooni bado zinaitwa kwa jina lake. Mikono ya msichana ilikuwa pale pale, juu ya mapaja. Hakuna aliyeitazama.

Watu husema, "Huo ni ugonjwa wa wazungu." Hebu liambie jino hilo.

Kilichoniuma ni kwamba kila akitapika alikuwa anakimbilia mswaki ili harufu isisikike. Hakuna aliyemwambia asuuze kwa maji tu, asubiri angalau nusu saa, kwa sababu asidi ikishalainisha jino, mswaki unalikwangua.

Sasa ana mtu anayezungumza naye kila wiki, na ameniruhusu kuandika haya. Shangazi nimempigia simu kabla ya Desemba.

"Sasa nitamsalimia vipi?" akauliza, amenuna.

Nikamwambia amuulize habari za kazi.