Ukitaka mbwa mkubwa, chukua aliyekwisha kukua

Mtu akihamia kwake Kitengela au Ruiru, akishamaliza ukuta na geti, kinachofuata ni mbwa. Na karibu kila mmoja anatafuta kilebu: German Shepherd au Rottweiler wa wiki 8, bei makumi ya maelfu ya shilingi, picha zinazunguka WhatsApp. Mimi nasema chukua mbwa wa miaka 7 au 8. Najua jibu lenu: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini huyu alishakunjwa na mtu mwingine, na viatu vilivyotafunwa wakati huo havikuwa vyako.

Mbwa wa mbegu kubwa huendelea kukua hadi mwaka mmoja na nusu, wengine miaka 2. Kwa miezi mingi hapo ana mwili wa mbwa mzima na akili za mtoto. Atafukua sukuma wiki, ataangusha nguo kambani, atamwangusha mwanao kwa furaha tu. Kabla ya hapo kuna parvo, inayoua vilebu wasiomaliza chanjo kwa siku chache za kutapika na kuhara damu. Hata akiyavuka hayo yote, tabia atakayokuwa nayo akikomaa ni bahati nasibu. Muuzaji naye atakwambia ni mpole kwa watoto na mkali kwa wezi. Wote husema hivyo.

Mbwa mzima umemwona alivyo. Wa kwetu ni German Shepherd mwenye mvi mdomoni, aliyeachwa na mgeni ambaye mkataba wake wa kazi ulikwisha akarudi kwao. Muuza maziwa akipita, bodaboda zikipita, yeye amelala kando ya geti, anainua sikio moja basi. Lakini mtu akisimama nje ya ukuta bila kubisha, huyo anainuka: miguu ya mbele kwanza, anatulia kidogo, kisha ya nyuma, na mbweko unaofuata haufanani kabisa na umri wake. Kilebu wa jirani anabweka hata jani likidondoka, kwa hiyo hakuna anayetoka kuangalia tena.

Kuna wanaodai mbwa mzee hamzoei mwenye nyumba mpya. Anamzoea, ila mpe muda. Siku za mwanzo anaweza kususia chakula na kulala mbali na watu. Alishwe na mtu yuleyule, saa zilezile, na asitolewe nje bila kamba. Wiki chache baadaye mtakuwa mnamruka mlangoni, maana anataka kulala pale mnapopita.

Gharama zipo, tusidanganyane. Mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wadogo. German Shepherd wengi huishi miaka 9 hadi 13, Great Dane wachache huvuka 10. Nyonga huanza kusumbua, na sakafu ya sementi kwenye baridi ya Julai ni adui. Mtandikie godoro kuukuu. Asinenepe: ukipapasa ubavu, mbavu uzihisi. Kupe ni vita vya mwaka mzima, na chanjo ya kichaa isirukwe. Mgawie chakula mara mbili kwa siku na asikimbizwe mara tu baada ya kula, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu tumbo huweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo asipofika kwa daktari wa mifugo upesi anakufa.

Kwa hiyo huenda mkakaa naye miaka 3 au 4 tu. Kwangu hiyo si hasara, hasa kwa wazazi waliostaafu. Mzee wa miaka 68 ana haja gani na mbwa wa kumburura hadi mtaroni?

Pa kuwapata ni kama KSPCA pale Karen, Nairobi, chama cha kutetea na kutunza wanyama cha tangu 1910, au umuulize daktari wa mifugo nani anahama. Uliza kwa nini anatolewa, kama amewahi kuishi na paka, anakula nini. Omba kumtembeza kidogo, umtazame anavyopanda mwinuko. Kama una watoto wadogo, nenda nao. Wakikataana, heri mjue hukohuko kabla hujalipia gari la kumleta nyumbani na lingine la kumrudisha.