Almasi ya kahawia mbele ya mizani ya sonara

Pete ya almasi ya kahawia ikiingia Tanga, mara nyingi imeletwa na ndugu kutoka Muskati au Dubai, na swali huzuka hapo hapo: mbona jiwe limeungua? Ikikaa jirani na almasi nyeupe, watu huihesabu kama mtoto wa kambo. Wanaoipenda nyeupe wana hoja, tena nzito. Lakini hoja hizo zina nguvu zaidi kwa mnunuzi wa New York kuliko kwa bibi harusi wa Ngamiani, hapa Tanga.

Kuungua hakuna. Zote mbili ni kaboni, na ugumu wake ni ule ule, 10 kwenye kipimo cha Mohs. Rangi ya kahawia kwa kawaida hutokana na jiwe kubanwa na kusukwasukwa chini ardhini mpaka mpangilio wake wa atomi ukapinda. Mwaka 1999 kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba inaweza kuchukua aina fulani ya almasi za kahawia, ikazipasha kwa joto na mgandamizo mkubwa, zikatoka nyeupe. Kwa hiyo anayehitaji cheti cha maabara kwa udi na uvumba ni mwenye nyeupe. Nani ahangaike kughushi rangi inayouzwa kwa bei ya chini?

Na bei ya chini ni kweli. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 almasi nyingi za kahawia ziliishia kwenye vifaa vya kuchorongea na kusagia. Ndipo mgodi wa Argyle, Australia, ulipoanza kuzalisha mwaka 1983, sehemu kubwa ya mawe yake ikiwa ya kahawia. Wenyewe wakayapa majina ya vinywaji, shampeni na konyaki, na ngazi za rangi kutoka C1 hadi C7. Wapinzani husema huo ni utangazaji tu. Sawa, ila weupe nao ulitangazwa: De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walianza kuwaambia Wamarekani kwamba almasi ni ya milele miaka ya 1940, na hawajanyamaza. Tena mkoa huu una mfano wake. Katika Bonde la Umba wachimbaji waliokuwa wakitafuta ganeti (aina ya kito) ya zambarau walizitupa zile zenye rangi ya chungwa na hudhurungi. Baadaye, miaka ya 1970, wanunuzi wa nje wakazitafuta hizo hizo.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo hukumu ya kawaida inapopotoka. Tuseme mtu ana shilingi milioni 4 za pete. Akichagua nyeupe, jiwe likala milioni 2.8, inabaki milioni 1.2 ya dhahabu na ufundi. Akichagua ya kahawia yenye ukubwa huo huo kwa milioni 1.2, inabaki milioni 2.8, na pete inakuwa nzito ya kuonekana. Tarakimu ni za mfano, mwelekeo ndio wenyewe. Sasa mpeleke kwa sonara siku ya shida, ada ya chuo imefika au kuna mgonjwa. Sonara atasugua pete kwenye jiwe la kupimia, ataiweka kwenye mizani, atakata uzito wa almasi, kisha atalipa dhahabu. Kwa jiwe atatoa kidogo sana, au atalichomoa amrudishie mwenyewe. Nani amepoteza zaidi?

Mtetezi wa nyeupe atajibu kwamba jiwe lenye cheti kizuri huuzika Dubai. Huuzika, ila muuzaji binafsi hapati bei ya dukani. Hupata ile ambayo mfanyabiashara angewalipa wauzaji wake wa jumla, na mara nyingi pungufu. Halafu kuna almasi zinazotengenezwa maabara. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walianza kuziuza dola 800 kwa karati, na bei ya soko imeendelea kuteremka tangu hapo. Shindano hilo linaiumiza zaidi nyeupe, kwa kuwa weupe ndio unaotengenezwa kwa wingi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani analipia bila kulipata. Ngazi ya rangi ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, huanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Jiwe la D likipachikwa kwenye dhahabu ya njano, njano ya dhahabu hiyo hujipenyeza ndani yake, na macho hayaoni tena tofauti yake na G au H. Kuulinda weupe wake kunahitaji dhahabu nyeupe, ambayo hupakwa rodiamu, metali nyeupe inayochakaa na kutaka kupakwa upya. Ya kahawia hukaa vizuri kwenye dhahabu ya njano au nyekundu, na pembeni ya hina inapendeza mno.

Nyeupe ina ushindi wake halali. Kijiwe kidogo cheupe kikidondoka kwenye hereni, kinacholingana nacho hupatikana. Cha kahawia cha rangi ile ile ni kazi, hasa tangu Argyle ifungwe mwaka 2020. Na nyeupe husamehe ukataji wa wastani. Ya kahawia iliyokatwa vibaya hugeuka shimo jeusi katikati: ishike umbali wa mkono, iinamishe huku na huku, weusi usipohama, iache.

Hila ya kujihadhari nayo ni ya jiwe la ngazi ya K hadi M lenye kivuli hafifu cha kahawia. Chini ya taa za dukani huuzwa kama nyeupe, likigundulika huitwa shampeni. Litoe mpaka mlangoni, kivulini, ligeuze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ulitazame kwa ubavu. Pete omba ya dhahabu ya karati 18 (karati hii ni ya usafi wa dhahabu, si uzito wa jiwe). Ya 22 ni laini, vijino vinavyoshika jiwe hupinda. Na kwa kuwa almasi hunasa mafuta (migodini hunaswa kwa grisi), mafuta ya nazi huififisha upesi, nyeupe na ya kahawia sawia. Iloweke dakika 20 katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, isugue nyuma kwa mswaki laini. Jiki isiikaribie, klorini hula dhahabu.

Risiti nayo itenganishe gramu za dhahabu na uzito wa jiwe. Jiwe la nusu karati ni gramu 0.1 tu, na kama hilo halikuandikwa, siku ya kuuza sonara atakata anachotaka.